Joto Likizidi kwenye Tanuri la Kuni Lililoongezwa Kando ya Tanuri la Gesi au Mafuta

Tanuri la kuni linalopasha nyumba joto halina swichi ya kuzima. Kuni zikishashika, joto lake lazima litoke. Unachoweza kuamua ni litoke kwa kasi gani na liende wapi. Kwa hiyo nyumba inayogeuka joko hutibiwa kwanza kwa kupunguza kuni, na si kwa kufungua madirisha.

Piga hesabu kabla ya kujaza. Kilo moja ya kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20 ina nishati ya takriban kilowati-saa 4. Tanuri likifikisha asilimia 65 ya hiyo vyumbani, unapata kama 2.6. Siku ya baridi ya wastani, nyumba inayohitaji kilowati 4 hutumia kilowati-saa 20 kwa saa tano, yaani kilo 8 hivi za kuni. Ukitia kilo 20, zaidi ya nusu ya joto halina kazi.

Wengi hujaza tanuri pomoni kisha wakabana hewa ili moto "ulale". Hilo ni baya kuliko joto lenyewe. Moto unafuka, moshi unapoa ndani ya dohani na kugandisha kreosoti (utando wa lami unaoshika moto), na kreosoti ikishika moto dohani nzima iko hatarini. Tia kuni chache, ziwake kwa nguvu, kisha uache makaa yapungue kabla ya kuongeza.

Moto ukiendelea kuvuma hata baada ya kubana hewa, ujue hewa inapita kwingine. Tanuri likiwa baridi, bana kipande cha karatasi kwenye mlango: kikichomoka bila ukinzani, badilisha kamba ya kuzibia. Usisahau mlango wa jivu, kwani ukibaki wazi hupuliza makaa toka chini kama mvukuto wa mhunzi. Kisha pima mvuto wa dohani, yaani nguvu inayovuta moshi juu. Mara nyingi watengenezaji hutaka paskali 10 hadi 15; ukizidi, weka kwenye bomba la moshi kilango kinachojisawazisha (hujifungua chenyewe mvuto ukizidi), ikiwa kitabu cha tanuri kinakiruhusu.

Feni inayosukuma hewa moto vyumbani nayo iangaliwe. Iwake hewa ya ndani ya koti la tanuri ikifika nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, izime ikishuka karibu 35. Chujio likijaa vumbi, hewa haipiti na joto hurundikana kwenye chuma. Kwenye njia ya hewa pawepo pia kilango cha njia moja, la sivyo hewa moto itarudi nyuma hadi kwenye tanuri lile la gesi au mafuta na kuunguza mota na nyaya zake.

Umeme ukikatika moto ukiwa umekolea:

1. Funga hewa inayoingia kwenye moto na milango yote ya tanuri.
2. Kilango cha bomba la moshi usikifunge, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, itaingia ndani.
3. Fungua matundu yote ya hewa vyumbani, na utoe chujio ikiwa kitabu cha tanuri kinaelekeza hivyo, ili joto lipande lenyewe.
4. Usimwage maji. Chuma kinaweza kupasuka na mvuke ukakuunguza. Ikibidi, funika makaa kwa jivu kavu.

Penye katizo la mara kwa mara, funga inveta ya wimbi safi, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi. Feni ya wati 400 ikitumia betri ya asidi ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, itazunguka saa moja na kidogo. Inveta iwe kubwa mara kadhaa ya wati hizo, kwani mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Lingine la kutegemewa ni kilango cha dharura cha kutolea joto, kinachoshikwa na umeme na kufunguliwa na springi unapokatika. Kielekeze mahali pa wazi, mbali na mbao za dari.

Kengele ya kaboni monoksidi iwepo kila ghorofa, nayo itumie betri.