Kumuuguza mzazi mwenye saratani ya utumbo mpana: niliyojifunza kwa baba

Baba alitibiwa bawasiri miezi minane kabla ya mtu yeyote kumpima kwa kamera. Sitaki yampate mzazi wako. Akiona damu chooni, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, ombeni kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, na kinyama kikatwe kwenye uvimbe kipelekwe maabara. Kinyama ndicho kinachothibitisha saratani. Picha ya CT inaonyesha imefika wapi. Kabla ya majibu hayo usimwanzishie dawa za mitishamba.

Siku ya majibu nenda na daftari. Swali la kwanza: uvimbe uko kwenye koloni, yaani sehemu ndefu ya utumbo mpana, au chini kwenye puru, sehemu yake ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa? Mara nyingi wa koloni huanza na upasuaji, kisha dawa za saratani (kemo) za dripu au vidonge kama saratani imeingia kwenye tezi za limfu zilizo karibu. Wa puru ulio mkubwa mara nyingi huanza na mionzi, ili usinyae na utoke wote, maana nyonga ni mahali finyu. Baba alikuwa na wa puru. Nilidhani wanatucheleweshea upasuaji, kumbe mionzi ndiyo mwanzo wa matibabu yenyewe. Alipigwa mionzi mara 25 pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, huku akimeza vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani, baada ya chakula. Kwa hiyo mkitoka mkoani, tafuteni mapema pa kulala Dar. Sisi shangazi alitupa chumba Ilala. Na ukiambiwa saratani imefika kwenye ini, usifunge daftari. Uliza kama madoa ya saratani kwenye ini yanaweza kukatwa. Kwa baadhi ya wagonjwa inawezekana.

Kabla ya upasuaji uliza habari za mfuko wa choo, ule unaobandikwa tumboni pale mdomo wa utumbo unapotolewa nje: utawekwa? Ni wa muda au wa maisha? Mwombe nesi aweke alama ya mahali utakapokaa, mgonjwa akiwa amekaa, amesimama na ameinama. Baba huvaa mkanda wa suruali, na jioni msuli. Alama ikasogezwa chini kidogo ya mkanda. Dakika tano zile zimemwondolea karaha ya kila siku.

Kubadilisha mfuko, sisi tunafanya asubuhi kabla hajanywa chai, utumbo ukiwa umetulia. Bandua taratibu huku ukibonyeza ngozi chini. Osha kwa maji ya uvuguvugu tu. Mafuta na losheni huzuia gundi kushika. Kausha vizuri. Pima mdomo wa utumbo, kata tundu lizidi kwa milimita 2 au 3, bandika, kisha weka kiganja juu dakika moja hadi mbili ili gundi ipate joto. Pima upya kila wiki katika miezi miwili ya kwanza, kwa sababu mdomo ule husinyaa, na tundu likibaki kubwa choo huichoma ngozi. Mdomo wa utumbo uwe mwekundu na wenye unyevu, kama ndani ya shavu. Damu kidogo unapopangusa si tatizo. Ukigeuka mweusi au zambarau, hospitali siku hiyohiyo. Mwaga choo mfuko ukijaa theluthi. Ukiachwa ujae, uzito wake unaubandua.

Zile siku za mwanzo baba aligeukia ukutani nilipokuwa nikimbadilisha. Sikumlazimisha kutazama. Nilimwomba anishikie taulo tu, na wiki ya tatu akaomba mkasi.

Kama baada ya upasuaji kuna kemo ya dripu, nunua kipimajoto kabla ya dozi ya kwanza. Dawa hizi hushusha kinga, kwa hiyo nyuzi 38 ni dharura, hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Usimpe panadoli ukasubiri asubuhi, kwani itashusha joto na maambukizi yaendelee. Baba alifika 38.4 saa nane usiku. Tuliamsha jirani mwenye bajaji, na antibiotiki ikaanza kuingia mshipani kabla ya adhana ya alfajiri.