Namna ya kuisoma riwaya ya dunia ngeni mpaka uwe na neno la kusema

Mtoto wa kaka yangu alinirudishia The Fifth Season ya N.K. Jemisin baada ya siku mbili tu. Kikaratasi chake cha alama kilikuwa ukurasa wa 30. "Shangazi, hiki kitabu kila saa 'wewe, wewe'. Wewe nani? Na maneno yenyewe siyajui." Nilikipokea nikakiweka kwenye droo ya kaunta, na usiku ule ule nikaanza kuandika haya. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa kila mtu anayependa hadithi lakini akifungua riwaya mpya ya bunilizi ya kisayansi au ya fantasia anajiona kama kaingia kwenye harusi ya watu asiowajua.

Mimi nauza dawa Tanga, zamu ya usiku. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja alfajiri wateja ni wa kuhesabu: mama mwenye mtoto wa homa, dereva wa bodaboda aliyechubuka goti. Muda unaobaki nasoma, na kila kitabu nakiandikia kwenye kaunta buku langu.

Anza na hili: usikimbilie faharasa. The Fifth Season ina mbili nyuma, moja ya majanga yaliyoipata dunia ile na nyingine ya maneno. Usiziguse kabla ya kurasa 50. Chukua daftari, andika kila neno geni na unachokikisia, uendelee kusoma. Nilipokutana na "orogene" niliandika: "watu wanaoweza kutuliza tetemeko la ardhi, au kuliamsha?" Kisha likaja "rogga". Hapo sikuandika swali. Lilitoka kinywani mwa watu wenye chuki na woga, na tusi hulijui kwa maana yake, hulijua kwa linavyotemwa. Mbele kidogo nikamsikia orogene mwenyewe, yule anayetukanwa nalo, analitumia, kwa makusudi, na mwili ukanisisimka kwa sababu uzito wake nilikwisha ubeba. Ningelisoma kwenye orodha, ningepata tafsiri tu.

Sasa hiyo "wewe" iliyomchosha kijana wetu. Anayeitwa hivyo ni Essun, mama aliyerudi nyumbani akakuta mwanawe mdogo ameuawa na baba yake mzazi, na binti yake hayupo, kachukuliwa na huyo huyo baba. Sisi mfiwa hatumsimulii kwa "yeye" akiwa amekaa mbele yetu. Tunakaa naye mkekani tunamwambia: kula kidogo, wewe, jilaze, wewe, hujalala tangu juzi. Nilizisoma sura zile kwa sauti hiyo, na nilishindwa kumhudumia mteja mpaka nilipofuta macho. Ipo sababu nyingine ya hiyo "wewe", kubwa zaidi, nayo inafichuka mbele sana. Siitaji hapa.

Ukishazoea mazingira, uliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: maajabu haya yanamgharimu nani? Waandishi wa fantasia huweka nguvu za ajabu kwa urahisi. Mwandishi mzuri anakuonyesha na anayelipa. Chukua The Tainted Cup ya Robert Jackson Bennett, iliyotoka 2024 na kupata tuzo ya Hugo mwaka 2025. Juu juu ni hadithi ya upelelezi: ofisa amekufa kwa mti kuchipuka ndani ya mwili wake na kumpasua. Mpelelezi, Ana Dolabra, anajifunga kitambaa machoni, na msaidizi wake Din anakumbuka kila alichokiona kwa kunusa vichupa vya harufu. Wengi wanakisifia kwa hao wawili. Mimi kilichonishika ni ukuta wa baharini. Kila msimu wa mvua madubwana makubwa yanatoka baharini, na himaya nzima inaishi kwa kazi ya wahandisi wanaoutunza ukuta ule. Kitabu kinawaheshimu watu wa matengenezo, wale ambao siku wakifanya kazi vizuri hakuna anayewakumbuka. Ndiyo maana nakipa nafasi ya juu, ingawa muuaji nilimhisi mapema.

Swali hilo hilo liliniongoza kwenye A Memory Called Empire ya Arkady Martine, ya 2019. Mahit ni balozi wa kituo kidogo cha angani, katumwa kwenye makao makuu ya himaya inayoweza kukimeza kituo chao, na kichwani mwake amepachikwa kumbukumbu za balozi aliyemtangulia, zilizokoma miaka 15 nyuma. Mbinu ni nzuri. Lakini gharama iko kwingine: Mahit anaipenda mno lugha ya himaya ile, anayapenda mashairi yao, amekua akitamani kuwa kama wao. Aliyesoma shule ambayo kuongea lugha ya nyumbani kulikuwa na adhabu hahitaji kuelezwa.

Jambo la tatu ndilo ningetaka ulishike kuliko mengine. Soma na Kiswahili chako, usikiache mlangoni.

Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo huwa namsimulia. Jumapili moja alikuwa anachambua mchele uani, nikamsimulia Ancillary Justice ya Ann Leckie, ya 2013. Nikasema: Breq anatembea kwenye baridi kali, anamkuta mtu kalala kifudifudi kwenye theluji, uchi, damu imemtapakaa. Akamtambua. Alikuwa luteni, zamani mno, kwenye meli ya angani, na Breq ndiye aliyekuwa hiyo meli: akili ya meli, sasa imebaki kwenye mwili mmoja wa mtu. Ukikisoma kwa Kiingereza, jambo la kwanza linalokugonga ni kwamba msimulizi anamwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike, awe mwanamke au mwanamume, kwa sababu lugha ya kwao haitenganishi. Wasomaji wa Kiingereza walilijadili hilo kuliko jambo lolote. Mimi nilisimulia nusu saa nzima, "akamwinua, akamfunika, akamwambia", na mama hakuuliza hata mara moja kama aliyelala kwenye theluji ni mume au mke. Kwetu ni "a" tu, basi. Alichouliza, ungo umesimama mkononi, ni hiki: "Na ule mwili aliouvaa hiyo meli, kabla yake ulikuwa wa nani, mwanangu?"

Hapo ndipo penyewe. Meli za himaya ya kitabu hicho hutumia miili ya watu waliotekwa kwenye nchi zilizovamiwa, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Mimi nilikuwa nimezama kwenye viwakilishi nikasahau kuuliza. Kwa hiyo unapotoa maoni, sema kitabu kimekufikiaje ukiwa na lugha yako. Mbinu moja ya Leckie inapotea kabisa kwenye Kiswahili, na ikishaondoka njiani unakutana uso kwa uso na miili.

Mifano ni mingi. Kitabu kiitwacho Binti cha Nnedi Okorafor, cha 2015, kina shujaa Mhimba wa Namibia ambaye jina lake ni Binti, na kila akiitwa mimi nasikia shangazi zangu. The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, ya 2023, inamwita mwanamke anayeongoza chombo "nakhudha", na sisi tuna nahodha kila siku midomoni. Amina ni mama wa mtoto mmoja, goti linamuuma, uharamia aliacha, na bado analazimika kurudi baharini mpaka kisiwa cha Sokotra. Nilicheka, nikaogopa, nikakimaliza kwa zamu mbili.

Halafu Piranesi ya Susanna Clarke, ya 2020. Kama hujawahi kusoma kitu cha aina hii, anza na hiki, ni kifupi. Mtu anayeitwa Piranesi anaishi kwenye nyumba isiyo na mwisho, kumbi juu ya kumbi zimejaa sanamu, na bahari inaingia kwenye kumbi za chini. Anakula samaki, anakusanya mwani, anaweka hesabu ya maji kwenye daftari. Mwanzoni kabisa anakwenda kushuhudia mikondo mitatu ya maji ikikutana mahali pamoja, na anajua saa itakayotokea. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Sahare. Alijua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi, akatuambia watoto siku ya kwenda kuokota chaza na siku ya kukaa mbali. Niliona wengine wakimwita Piranesi mjinga au mgonjwa. Kwangu alikuwa mtu mwenye elimu, na nilimwamini tangu ukurasa wa kwanza.

Kuhusu tuzo nitasema kwa ufupi. Hugo inapigiwa kura na wanachama wa Worldcon, kongamano la kila mwaka la bunilizi ya kisayansi na fantasia, yaani wapenzi wa fasihi hii wenyewe. Jemisin aliipata mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza inaamuliwa na jopo la majaji, na mwaka 2019 ilikwenda kwa Rosewater ya Tade Thompson, 2020 kwa The Old Drift ya Namwali Serpell, ambayo ni Zambia tupu, na mbu wanashiriki kusimulia. Zitumie kuchagulia kitabu. Hukumu iwe yako.

Na hukumu yenyewe unaiandikaje? Mimi naandika mara mbili. Usiku ninaomaliza naandika nilichokihisi, bila kusahihisha. Baada ya wiki mbili narudi, naandika kilichobaki kichwani, halafu natenganisha "sikukipenda" na "kina kasoro". Kila ninalolidai naliwekea ukurasa. Kama siwezi kuonyesha ukurasa, nalifuta.

The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya 2021, ilinifundisha hilo. Aisha, msichana wa Kihadhrami wa Mombasa, anamfuata baba yake mvuvi aliyepotelea baharini, kwa chombo cha mifupa, na mwenzake wa safari ni paka anayesema. Usiku wa kwanza niliandika: "Baharini moto, nchi kavu baridi. Baada ya safari kitabu kinalegea." Wiki mbili baadaye nilichokuwa nakiota si madubwana ya baharini. Nilikuwa nakumbuka Aisha amerudi nyumbani, watu wanataka aolewe atulie, kunguru wanamtazama, na yeye hatoshei tena kwenye nyumba ile. Nilirudia nusu ya pili. Bado nasema kuna sura zinazozunguka sana, na kurasa zake nimeziandika. Lakini neno "baridi" nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Hapa ndipo safari ilipo ngumu."

Mtoto wa kaka alipita Jumamosi kuchukua dawa ya bibi yake. Nilimrudishia The Fifth Season, nimebandika selotepu kwenye kurasa za faharasa zisifunguke, na ndani nimemwekea daftari dogo na penseli. Ukurasa wa kwanza wa daftari nimemwandikia neno moja la kuanzia, "orogene", na mbele yake nimeacha nafasi.