Namna ya kuifunga Krismasi taratibu ili moyo usibaki mtupu

Kuna ile hali inakupata tarehe 27 au 28 Desemba, wageni wameshaondoka, nyumba iko kimya, taa za kwenye mti bado zinawaka na kuzima lakini hata huziangalii tena, na ndani unahisi kaupweke fulani ambako ukiulizwa huwezi kukaelezea. Tukifika hapo wengi wetu aidha tunabomoa kila kitu fasta tuanze mipango ya mwaka mpya, au tunaacha mapambo yakae tu mpaka yashike vumbi. Mi nimefanya yote mawili miaka na miaka, na nikwambie ukweli, kote huko sikuwahi kupata kitu cha kubaki nacho.

Anza na kalenda. Tarehe 25 ndo Krismasi inaanza jamani, kipindi cha kusubiri kilikuwa Majilio. Makanisa mengi ya magharibi yanahesabu siku 12 kutoka hapo, afu Epifania tarehe 6 Januari, siku ya mamajusi. Kwa Wakatoliki kipindi cha Noeli kinafungwa na sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kwa kawaida ni Jumapili inayofuata baada ya Epifania, na kuna wanaoacha pango, zile sanamu za mtoto Yesu horini, likae mpaka tarehe 2 Februari, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, maana hapo zinatimia siku 40 tangu azaliwe. Waorthodoksi wanaofuata kalenda ya zamani ya Juliasi wao Krismasi yao inaangukia tarehe 7 Januari, yaani we unafungasha wenzako ndo wanaanza kuimba. Kwa hiyo hakuna anayekukimbiza. Chagua tarehe yako moja kati ya hizo, iandike mahali utaiona, na zile siku za katikati uziishi kama sikukuu kweli, sio kama mabaki.

Sasa hapa ndo penyewe, naomba utulie. Chukua Biblia usome Luka 2 na Mathayo 2, soma polepole, ila safari hii usiwaangalie wanavyofika, angalia wanavyoondoka. Kila mtu anaondoka! Tumezoea kuisoma kama habari ya watu wanaokuja horini tunaishia hapo, kumbe karibu kila mmoja ana namna yake ya kurudi nyumbani. Wachungaji wanarudi wakimsifu Mungu, lakini wanarudi kwa kondoo walewale, baridi ileile, hakuna aliyeahidiwa kwamba maisha yatakuwa mepesi kuanzia kesho. Mamajusi wanaonywa kwenye ndoto, wanapita njia nyingine. Mariamu yeye anayaweka mambo yote moyoni anayatafakari, hasemi neno. Na mzee Simeoni, aliyesubiri mpaka uzeeni, anambeba mtoto mikononi afu anamwomba Mungu amruhusu aende kwa amani kwa sababu macho yake yameona.

Jiulize we mwaka huu unaondoka kama nani, na usichague ile inayopendeza, chagua iliyo ya kweli. Kama Jumatatu unarudi kwenye kazi ileile inayokuchosha basi we ni mchungaji, zoezi lako ni kutafuta jambo moja la kumshukuru Mungu ukiwa njiani kila asubuhi, moja tu, na ulitamke kwa sauti. Kama kuna mtu au tabia ambayo ukiirudia itakuumiza, ya kwako ni njia nyingine, na njia nyingine ni kitu cha kupanga kabisa, saa ngapi, unapita wapi, namba ipi hupigi tena. Kama umepitia kitu ambacho bado hukielewi usijilazimishe kutoa ushuhuda, kaa nacho kama Mariamu. Simeoni ni wa wale wanaotakiwa kuachilia. Maombi yake yako Luka 2 kuanzia mstari wa 29, kanisa linayasali kila siku kwenye Sala ya Usiku, na ukiyasema kabla ya kulala kwa wiki moja hivi utashangaa kifua kinavyoachia.

Kuna wale wanaomaliza sikukuu mifuko imekauka na aibu juu, eti hawakuweza kutoa zawadi za maana. Yusufu na Mariamu hekaluni walipeleka sadaka ya ndege wawili, na ukifungua Walawi 12 utaona hiyo ilikuwa sadaka ya asiyeweza kumudu mwanakondoo. Aliyebebwa siku ile ni Mwana wa Mungu na bado sadaka yake ikawa ya maskini. Acha kujihukumu.

Siku ya kushusha mapambo ikifika zima tivii, weka simu mbali, kama una watoto waite washiriki. Toa kimoja kimoja. Kadi zisome tena, kila aliyekuandikia mtaje jina kwa Mungu, baadaye mtumie meseji yako mwenyewe, sio ile ya kufowadi. Waya wa taa ukunje vizuri usiusokomeze, yaani hata mikono inasali ukiipa muda.

Pango liwe la mwisho. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa lile la Greccio, kule Italia, mwaka 1223 aliweka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, watu waone kwa macho yao Mungu alivyokubali kuzaliwa pasipo na kitu, kwa hiyo usilitoe kama unatoa takataka. Toa wachungaji kwanza, afu mamajusi, Yusufu, Mariamu, mtoto abaki peke yake dakika chache. Mshike kiganjani. Wa kwetu rangi imebanduka puani na kidole kimoja kimevunjika, mama yangu alikuwa anamfunga kwenye kitambaa cheupe na fundo moja la pembeni, msimu uliopita ilikuwa mara ya kwanza namfunga mwenyewe na nililirudia lile fundo mara tatu halikukaa kama lake.

Kitu kimoja kiache nje mpaka tarehe 2 Februari, mshumaa unatosha, uwashe jioni dakika tano bila kusema chochote.

Kabla ya kufunga boksi weka karatasi ndani. Andika tarehe, na sentensi moja ya kile unachokibeba siku hiyo, hofu au shukrani, usiipambe, hakuna mwingine wa kuisoma zaidi yako na Mungu, afu funga boksi ulisahau. Mi mwaka juzi niliandika "mama anaumwa, naogopa." Majilio yaliyofuata nikafungua boksi nimeshamzika, ile karatasi iko juu kabisa ya kile kitambaa na fundo lake bado limekaza, nikakaa sakafuni nimeishika muda mrefu sana. Siku ya kufunga ilipofika nikaigeuza, upande wa pili nikaandika "aliondoka kwa amani, nilikuwepo."