Namna ya Kuanza Utafiti wa Wadudu wa Kijamii Ukiwa Dar es Salaam

Binti anayetamani kuwa mtafiti wa wadudu wanaoishi kijamii, yaani sisimizi, siafu, mchwa na nyuki, hana haja ya kusubiri darubini wala barua ya chuo kikuu. Maji moto, yaani sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini, wapo kwenye miembe ya jiji hili, na kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuhesabu.

Chagua mwembe mmoja wenye kiota, yaani majani mabichi yaliyounganishwa mfano wa mfuko. Ukibahatika kukikuta kinajengwa, tazama kwa utulivu: baadhi ya wafanyakazi, ambao wote ni majike, huvuta kingo za majani, na wengine hubeba mabuu mdomoni, wakiyapitisha huku na huku ili hariri inayotoka kwa mabuu hayo ishikamanishe majani. Usikiguse kiota, kwani maji moto huuma na kumwagia asidi penye jeraha.

Kisha chagua kovu au fundo la gome liwe alama yako. Usichore mstari wa chaki, maana unga wake unaweza kuwasumbua na kuipotosha hesabu. Kwa dakika 5, hesabu wanaopanda na wanaoshuka, asubuhi, mchana na jioni, kwa saa zile zile kila siku, ukiandika pia jua, mawingu na mvua. Endelea hivyo kwa mwezi mzima, ikiwezekana masika yanapoanza. Siku ukikosa, andika kwamba umekosa, kwa sababu nafasi tupu ni taarifa ya kweli, ilhali namba moja ya kubuni huliharibu daftari zima. Hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kuliko penginepo pote.

Kuhesabu si kazi ya kitoto. Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alisomea Kifaransa katika shahada ya kwanza kabla ya kuhamia biolojia, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamivu ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Duke. Tangu miaka ya 1980 amekuwa akiyarudia makundi ya sisimizi wanaokusanya mbegu katika jangwa la Arizona, na ameonyesha kwamba hakuna anayewaamuru: wanatoka kutafuta chakula kwa kadiri wanavyokutana, kipapasio kwa kipapasio, na wenzao wanaorudi na mbegu. Swali la jinsi kundi linavyojiendesha bila wa kuliamuru limempeleka pia kwa sisimizi wa mitini huko Mexico, na mwaka 2014 sisimizi wa jaribio lake wakapelekwa hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kwa upande wa masomo, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) inafaa, lakini usiikimbie hisabati, kwa kuwa takwimu ndizo zitakazosema kama tofauti uliyoiona ni ya kweli. Zoolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Anayevutiwa na mazao akitazame Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwani maji moto hulinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wafyonzao.

Unapokwenda kumwona mhadhiri, chukua daftari lako na swali moja lililotoka ndani yake, kwa mfano: kwa nini msafara wa mchana ulipungua siku za jua kali, lakini ule wa jioni haukupungua?