Kuhesabu mapingamizi ya alama za biashara bila kudanganywa na asilimia

Kikundi cha sabuni ya mwani cha Paje au muuza viungo wa Kizimbani akiambiwa "siku hizi maombi ya alama za biashara hayapingwi sana", hulegea: haangalii tena matangazo ya msajili, ambamo maombi mapya hutangazwa ili mwenye alama inayofanana aweze kupinga, na jina linalofanana na lake linapita. Kauli kama hiyo mara nyingi imetokana na hesabu mbovu. Hesabu sahihi haihitaji zaidi ya jedwali la Excel na subira.

Kwanza tenga Zanzibar na Bara. Ni sajili mbili: Unguja na Pemba tunaongozwa na Sheria ya Mali za Viwandani Namba 4 ya 2008, na msajili ni BPRA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar). Bara kuna BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Cheti cha upande mmoja hakikulindi upande wa pili. Kampuni ikipinga jina lile lile pande zote mbili, hayo ni mapingamizi mawili katika sajili mbili, na ukiyachanganya kwenye jedwali moja utadhani ugomvi umeongezeka.

Kila ombi lipewe mstari wake: namba ya ombi, tarehe ya kuwasilishwa, tarehe ya kutangazwa, daraja la bidhaa, siku ya mwisho ya kupinga, tarehe ya notisi ya pingamizi, mpingaji, na lilivyoishia (limeondolewa, wamepatana, limeamuliwa). Madaraja ni 45 kwa mpangilio wa Nice, yaani mfumo wa kimataifa wa kugawa bidhaa na huduma kwa usajili wa alama: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Sabuni na mafuta ya kujipaka ni daraja la 3, viungo, chai na kahawa la 30, hoteli na mikahawa la 43. Mwani mbichi uko la 31, lakini sabuni yake ni la 3. Hapa wengi hukosea, wakafuatilia daraja ambalo mshindani wao hayumo.

Sasa asilimia. Kosa kubwa liko kwenye asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini. Pingamizi linawezekana tu baada ya ombi kutangazwa, kwa hiyo gawanya kwa maombi yaliyotangazwa, usigawanye kwa yaliyowasilishwa. Mtu akiomba "Karafuu ya Pemba" kwa karafuu, msajili ana sababu ya kulikataa mwenyewe, kwani jina linataja bidhaa na linakotoka tu. Ombi hilo halifiki kwenye tangazo, na halina nafasi katika hesabu hii.

Tuseme robo moja ya mwaka yamewasilishwa maombi 400, yakatangazwa 240. Zimeingia notisi 9, lakini ombi moja limepingwa na watu watatu na jingine na wawili, kwa hiyo maombi yaliyopingwa ni 6. Ukigawanya 6 kwa 240 unapata asilimia 2.5. Ukichukua notisi, 9 kwa 240, ni 3.75. Ukigawanya 6 kwa 400, ni 1.5. Data ni ile ile, majibu ni matatu. Anayetaka kujua uwezekano wa ombi lake kupingwa achukue lile la kwanza, na alitumie hilo hilo kila robo bila kubadilisha katikati.

Kosa la pili ni kuhukumu robo ambayo muda wake haujaisha. Maombi yaliyotangazwa mwezi uliopita yataonekana yana mapingamizi machache kwa sababu wapingaji bado wanaandika. Panga maombi kwa mwezi wa kutangazwa, na usitoe asilimia ya mwezi huo mpaka siku ya mwisho ya kupinga ipite, pamoja na muda wowote ulioongezwa. Mistari ya chini kabisa ya jedwali, ambayo muda wake haujaisha, ipake rangi na uiache.

Siku ya mwisho yenyewe ihesabu kwa kidole kwenye kalenda. Bara muda ni siku 60 tangu tangazo. Tangazo likiwa la 1 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 2, na ya sitini ni 30 Aprili. Anayedhani siku 60 ni miezi miwili atafika 1 Mei, amechelewa, na ofisi zimefungwa kwa Siku ya Wafanyakazi. Kwa Zanzibar soma muda kwenye sheria na kanuni zake, usiazime wa Bara. Na anza na tarehe iliyochapwa kwenye tangazo. Siku ambayo nakala ilivuka kufika Mkoani haihusiki.

Tahadhari na namba ndogo. Daraja la 3 likiwa na maombi 40 na moja likapingwa, kisha mwakani mawili kati ya 40, asilimia "imepanda mara mbili", kumbe ni ombi moja tu limeongezeka. Chini ya maombi mia andika idadi yenyewe, au unganisha miaka mitatu.

Usilinganishe nchi kabla ya kujua msajili wake anafanya nini. Uingereza, tangu 1 Oktoba 2007, msajili hakatai tena ombi kwa sababu tu linafanana na alama ya mwingine. Mwenye alama ndiye anayepaswa kupinga. Umoja wa Ulaya nao uko hivyo, na muda wake ni miezi mitatu. Marekani mkaguzi hukataa mwenyewe yanayofanana, na muda ni siku 30 zinazoweza kuongezwa hadi 180 tangu tangazo. Msajili akichuja sana, ya kupingwa hubaki machache, hata kama wenye alama wako macho vile vile. Vivyo hivyo maombi yakifurika ghafla: wapingaji ni wale wale, asili imekua, asilimia inashuka. Ndiyo maana kila unapochora mstari wa asilimia, chora pembeni yake mstari wa idadi ya maombi yaliyotangazwa.

Kwa kikundi kidogo, kazi ni saa moja kila tangazo linapotoka. Soma madaraja yako na ya jirani, na yasome majina kwa sauti: "Pepo za Kusi" na "Upepo wa Kusi" hayafanani sana kwa macho, lakini mteja wa Darajani anayeagiza kwa mdomo atayachanganya. Ukilipata la namna hiyo, andika siku ya mwisho ya kupinga siku hiyo hiyo, na umpelekee wakili nakala ya tangazo, cheti chako na risiti za mauzo za zamani kabisa ulizonazo.