Memori ikigoma kwenye apu ya simu, kazi ya mtu isipotee

Mtu kaandika ujumbe mrefu, anaongeza picha, apu inajifunga na kila kitu kimepotea. Inauma sana, na mara nyingi wewe unayetengeneza apu unaweza kuizuia. Mifano mingi hapa ni ya Android.

Hatua ya 1: hifadhi kwanza, ndo uombe memori. Kabla hujafungua picha andika rasimu kwenye faili, maana simu ikiishiwa memori kabisa mfumo unaiua apu hapo hapo, hakuna kosa linalorushwa na catch yako (sehemu ya kodi inayokamata makosa) haitafikiwa. Ukifanya hii tu umeshaokoa watu wengi.

Hatua ya 2: piga hesabu. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, kila pikseli baiti 4, kwahiyo ikifunguka inakula MB 48 hata kama faili lenyewe ni dogo. Soma vipimo kwa inJustDecodeBounds (inasoma upana na urefu bila kufungua picha yenyewe), weka inSampleSize = 4 (kila upande unagawanywa kwa 4), inashuka hadi 1000 kwa 750, yaani MB 3.

Hatua ya 3: kamata kosa palepale unapoomba mzigo mkubwa. OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa memori, kwenye Java ni aina ya Error, siyo Exception, so catch (Exception e) haiigusi. Usizungushie apu nzima catch moja: ombi la MB 48 likikataliwa vitu vidogo bado vinapata nafasi, ila ombi dogo likikataliwa ujue hali ishakuwa mbaya. Ndani ya catch tupa kashe (nakala za muda zilizowekwa kwenye memori), jaribu mara moja tu kwa saizi ndogo zaidi, ikigoma tena sema wazi: "Picha hii ni kubwa mno. Ulichoandika kimehifadhiwa."

Hatua ya 4, kwa wa C: usiandike p = realloc(p, n), yaani kubadili ukubwa wa memori ya p na kuweka jibu kwenye p ileile. Ikirudi NULL (ombi limekataliwa) umepoteza anwani ya zamani na memori yake bado imeshikwa. Pokea kwenye pointa ya muda, tmp, kagua, ndo uhamishe.

Hatua ya 5: onTrimMemory (Android inaiita kukuambia upunguze memori) ikileta TRIM_MEMORY_UI_HIDDEN, yaani apu haionekani tena kwenye skrini, achia kashe za picha. Kwa iOS ni didReceiveMemoryWarning.

Na largeHeap, mpangilio wa kuiombea apu memori kubwa zaidi, usiikimbilie jamani, apu nzito ikiwa nyuma ndo inawahi kuuawa.

Kujaribu, tumia emuleta yenye RAM ndogo, fungua picha kubwa mfululizo huku rasimu iko wazi, halafu iue apu kwa nguvu na uifungue tena uone rasimu ipo.