Mabishano ya uhamiaji Uingereza: nani ana kura, na karatasi zipi zikae tayari

Tarehe 23 Juni 2016, watu wa Uingereza walipoulizwa kama nchi ibaki au itoke Umoja wa Ulaya, Mkenya anayeishi Leicester kwa viza ya kazi aliruhusiwa kupiga kura. Jirani yake Mpolandi, aliyekaa hapo miaka kumi, hakuruhusiwa. Tofauti yao ni Jumuiya ya Madola: raia wa nchi zake anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura kama Mwingereza, na haki hiyo haikuondoka nchi ilipotoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Wengi wetu wa Afrika Mashariki hatuijui. Wengine wanaijua ila hawajajiandikisha, ilhali mabishano yenyewe sasa yanatuhusu sisi kuliko Wapolandi.

Yalitufikiaje? Raia wa Ulaya waliingia kuishi na kufanya kazi bila viza mpaka saa 5 usiku, 31 Desemba 2020. Kuanzia 2021 mwajiri aliyekosa watu alilazimika kutumia viza, na hospitali na nyumba za wazee zikageukia India, Nigeria, Zimbabwe na kwetu. Kenya ilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Katika kampeni ya 2016, Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, aliwaambia wenye migahawa ya Kihindi kwamba nchi ikitoka itakuwa rahisi kwao kuleta wapishi. Milango ilifunguka kweli kwa muda. Waliohamia, ukiondoa waliohama, wakazidi 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, na hasira iliyokuwa kwa Mpolandi ikawageukia wanafunzi na walezi kutoka Afrika na Asia. Milango ikaanza kufungwa: Januari 2024 wanafunzi wengi wakazuiwa kuleta familia, Machi 2024 walezi nao, Aprili 2024 mshahara wa chini kwa mwaka wa viza ya kazi ya ujuzi ukapanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, kisha 41,700 Julai 2025, mwezi ambao pia walezi waliacha kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje.

Kwa hiyo anza na kura.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kupiga kura zote: za wabunge, za halmashauri, na za maoni kama ile ya 2016. Viza ya mwanafunzi inatosha, ya kazi inatosha. Aliyeomba hifadhi na bado hajapewa kibali hawezi. Warundi na Wakongo wako nje ya Jumuiya ya Madola, hivyo hawachagui mbunge wa London; lakini wakiishi kihalali Scotland au Wales wanachagua bunge la huko na halmashauri. Mkongo mwenye pasipoti ya Ubelgiji au Ufaransa anayeishi Uingereza tangu kabla ya mwisho wa 2020 amebaki na kura ya halmashauri. Aliyekuja baadaye kwa pasipoti hizo hana kura England.

Watanzania wasome hapa mara mbili. Mtanzania mzima akichukua uraia wa Uingereza anapoteza ule wa nyumbani, na wapo wanaouchukua wakidhani ndiyo njia pekee ya kupata sauti. Siyo. Kwa pasipoti ya Tanzania unapiga kura leo, na ukishapata ukaazi wa kudumu unaweza hata kugombea ubunge. Kama sababu yako ya kubadili uraia ni siasa, huna haja.

Onyo kwa ndugu walio Marekani: msiige. Huko asiye raia akipiga kura ya kitaifa anatenda kosa la jinai linaloweza kumrudisha kwao.

Kujiandikisha kunafanyika kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kwa kama dakika tano. Andaa tarehe ya kuzaliwa, anwani, uraia na namba ya National Insurance (bima ya taifa). Usiwe na namba hiyo, halmashauri itakuomba nakala ya pasipoti au hati nyingine. Jibu barua hiyo, maana ukikaa kimya jina haliingii. Mwisho ni saa 6 usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Anayekodi chumba ndiye anayeumia zaidi: usajili ni wa mtu mmoja mmoja, mwenye nyumba hakuandikishi, na kila ukihama unaanza upya. Faida ya pembeni ni kwamba benki na kampuni za simu hutazama daftari la wapigakura zinapopima kama unakopesheka.

Majina ndiyo kikwazo chetu kikubwa. Jiandikishe kama pasipoti inavyosomeka, kwa mpangilio uleule. Ukiwa Asha Juma Hamisi kwenye pasipoti na Asha Hamisi kwenye daftari, karani kwa kawaida atakuelewa. Ukiwa Asha Hamisi upande mmoja na jina la mume upande wa pili, nenda na cheti cha ndoa.

Katika uchaguzi wa wabunge, na wa halmashauri za England, lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika, na ile kadi ya BRP (kibali cha ukaazi chenye picha) pia inakubalika hata kama muda wake umeisha, mradi picha bado inafanana nawe. Kwa hiyo usiitupe. Viza ya kidijitali kwenye simu haikubaliki, na hapo ndipo watu wanarudishwa mlangoni. Asiye na kitambulisho chochote anaomba cheti maalumu cha mpigakura, bure. Vituo viko wazi saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mwenye zamu ndefu aombe kura ya posta kabla ya saa 11 jioni, siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi.

Sasa habari za sheria zinazosambaa WhatsApp, ambazo zinawanyima watu usingizi kuliko sheria zenyewe. Jifunze kutofautisha hatua tatu. Hotuba ya waziri au ahadi ya chama si sheria. Waraka wa mapendekezo, kama ule wa Mei 2025 uliotaka kusubiri ukaazi wa kudumu kutoke miaka 5 kuwa 10 kwa walio wengi, nao si sheria. Unaweza kufuatwa na kipindi cha kukusanya maoni, na hapo mtu yeyote anaweza kujibu, awe na kura au hana. Kinachobadilisha maisha yako ni tangazo la mabadiliko ya kanuni za uhamiaji linalowekwa mbele ya bunge. Lifungue kwenye gov.uk utafute mambo mawili: tarehe ya kuanza, na sentensi inayosema maombi yaliyotumwa kabla ya tarehe hiyo yataamuliwa kwa kanuni zipi. Mara nyingi ni zile za zamani. Aliyetimiza masharti leo na akaahirisha hadi mwezi ujao kwa sababu ya ada anaweza kukuta mstari umesogezwa.

Kila mabishano yakipamba moto, matapeli nao huongezeka. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa Uingereza. Kabla ya kutoa pauni moja, tafuta jina la mshauri kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, iliyojulikana kama OISC hadi Januari 2025, au kwenye orodha ya mawakili. Anayekuuzia barua ya udhamini wa kazi anakuuzia kesi: udhamini hutolewa na mwajiri mwenye leseni, na wewe huununui.

Waliopitia Ulaya bara, wenye hadhi ya ukaazi wa muda au wa kudumu waliyoipata kwa sababu ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, wana tatizo lao: wengi hawakupewa karatasi. Kila kitu kiko kwenye akaunti ya mtandaoni, na mwajiri au mwenye nyumba anahakiki kwa msimbo wa herufi na tarakimu 9 unaodumu siku 90. Ukibadilisha namba ya simu au pasipoti bila kuisasisha akaunti, siku ya kuihitaji haifunguki, au shirika la ndege pale Nairobi au Dar es Salaam halikuoni kwenye mfumo. Sasisha wiki ileile unapopata pasipoti mpya, kisha chukua msimbo mpya kabla ya safari. Na mtoto akizaliwa Uingereza wazazi wote wawili wakiwa na ukaazi wa muda tu, hazaliwi Mwingereza: muombee hadhi yake ndani ya miezi mitatu.

Kazini utakutana na mabishano ana kwa ana, na hesabu husaidia kuliko ukali. Anayesema unatibiwa bure mwambie ada ya afya: mtu mzima mwenye viza ya kazi ya kawaida hulipa pauni 1,035 kwa mwaka, kwa mkupuo na mapema, yaani pauni 5,175 kwa miaka mitano, kabla ya kodi na makato ya mshahara. (Wenye viza ya afya na ulezi wamesamehewa ada hiyo, kwa hiyo usiitaje kama ni wewe.) Anayesema unakula misaada mwonyeshe sharti lililoandikwa kwenye viza nyingi, kwamba huruhusiwi kuomba Universal Credit wala nyumba ya halmashauri. Akitaka kubishana kuhusu Umoja wa Ulaya, si dhambi kumpa haki yake: mtu anaweza kuwa alipiga kura ya kutoka bila kukuchukia.

Ila matusi ya rangi si maoni. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na aliyesikia, siku hiyohiyo. Mpe msimamizi kwa maandishi. Likitokea barabarani pigia polisi 101, au 999 kama kuna hatari. Katika mwezi uliofuata kura ya 2016, makosa ya chuki ya rangi na dini yaliyorekodiwa England na Wales yalipanda kwa asilimia 41 kulinganisha na Julai 2015, na yalijulikana kwa sababu watu waliripoti. Upande wako, kuandamana kwa amani na kusema msimamo wako ni halali. Kusambaza ujumbe unaochochea vurugu kunaweza kukufunga, na kifungo cha miezi 12 au zaidi kinaua karibu kila ombi la viza.

Asiye na kura bado ana mbunge, kwa kuwa mbunge anawakilisha kila anayeishi jimboni mwake, Mrundi na Mkongo wakiwemo. Muandikie barua pepe. Weka anwani kamili na postikodi, bila hizo ofisi yake haitakujibu. Taja jambo moja tu, kwa mfano ombi lililokwama, pamoja na namba ya ombi na tarehe ulipolituma. Na uombe aliulize Wizara ya Mambo ya Ndani kwa jina lako.